Pumzi Kabla ya Ubeti wa Tatu

Malkhazi alikuja na flashi mfukoni mwa koti la kazi,
unga umemganda kwenye nyusi
(ana tanuri la mkate ng'ambo ya mto Rioni),
akasema kabla hata ya kuketi:
"Tsiala, ipandishe. Ipige kelele.
Nataka baba asikike mpaka ndani ya lori."

Wazee wanne, kanisa moja la mawe, maikrofoni mbili.
Vakho juu, sauti nyembamba ya kutunga shanga;
Shota na Amirani katikati, wakibishana kwa upole;
na chini kabisa Ushangi, baba yake,
asiyeimba maneno, anashikilia irabu moja tu,
aa ndefu, kama mtu aliyeshika ngazi
ili wenzake wapande.

Alizikwa Februari. Theluji ilifika magotini.

Nikafungua kazi. Mita ikasoma
hasi ishirini na moja. Kimya mno, kweli,
kwa watu wa hedifoni ndani ya basi.
Nikaisogeza. Hasi kumi na nane. Kumi na sita.
Kumi na nne nikasita, nikasikiliza
mkono gotini, kama alivyonifunza mwalimu wangu:
kichwa kikitikisika, umepatia; uso ukikunjamana, rudi.
"Bado," akasema Malkhazi.

Kumi na moja. Tisa.
Kwenye saba kizuizi hakikulala tena,
kila wimbi lililoinua kichwa lilikatwa utosi,
na kwenye skrini wimbo uliokuwa safu ya milima
ukawa tofali.
Vakho hakuwa juu. Ushangi hakuwa chini.
Wote wanne mstari mmoja, mabega yamebanana,
kama wafungwa wanaopigwa picha.

Wahenga hawakukosea kuhusu ngoma ivumayo sana,
ila sikumwambia. Aliyefiwa haambiwi methali.

Nikampa hesabu badala yake:
huko wimbo unakokwenda, kwenye simu za watu,
kuna mashine isiyojua Ushangi ni nani.
Itapima, itaona saba, itaushusha mpaka kumi na nne
sawa na nyimbo nyingine zote. Kelele utakuwa umeilipia
na hutaipata. Utabaki na tofali
lililopunguzwa sauti.

Hakunisikia. Alikuwa ameinamia spika ya kushoto.
"Rudisha. Hapo. Kabla ya ubeti wa tatu."
Nikarudisha.
Hhh.
Mzee anavuta hewa, kiti kinalia,
kisha ile aa inaanza.
"Ndiyo hiyo," akasema. "Utotoni nikiisikia hiyo
upande wa pili wa ukuta, nilijua karudi kutoka kiwandani,
naweza kulala."

Kumbe hakutaka kelele.
Miaka kumi na tisa katika kazi hii, na bado nadhani
anayesema pandisha anataka sauti.

Nikampa chai, nikamtoa nje.
Nikakilegeza kizuizi, nikakiachia dari tu,
desibeli moja chini ya sifuri,
mlinzi wa usiku asiyeamka ila mwizi akija.
Nikarudi kumi na nne. Halafu kwa kidole, si kwa mashine,
nikazishusha sekunde nne zinazoitangulia pumzi:
mwangwi wa ubeti wa pili, kikohozi cha Shota,
gari lililopita nje ya kanisa siku ile.
Nikachimba shimo dogo la kimya
pumzi ikae humo.

Aliisikilizia ndani ya lori, injini ikinguruma,
vioo vimepandishwa, mikate ikipoa nyuma.
Nilimtazama kutoka dirishani. Ubeti wa kwanza, wa pili.
Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha sauti,
ukasita,
ukaizima injini.

Aliposhuka aliuliza, "Umeiongeza kiasi gani?"
"Sijaigusa," nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa.
Kisha akafungua mlango wa nyuma, akanipa mikate mitatu,
pesa akasahau,
nami sikumkumbusha mpaka Jumatatu.